Nani Anamtafutia Shahidi Mshtakiwa?

Msomaji yeyote wa habari za mahakamani anaijua sentensi hii: upelelezi bado haujakamilika. Wakili wa Serikali husimama, huitamka, hakimu hupanga tarehe nyingine, mshtakiwa hurudishwa rumande. Tumezoea kulalamikia ucheleweshaji, na tuna haki ya kulalamika. Ila kuna jambo jingine humo tunalolipita bila kuligusa. Upelelezi unaotajwa pale ni wa upande mmoja tu. Ni nadra mno kumsikia wakili wa utetezi akiomba ahirisho kwa kuwa upelelezi wake haujakamilika, maana hana wa kukamilisha. Ana jalada alilopewa na upande wa mashtaka, mteja aliyeko mahabusu, na simu yake ya mkononi.

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja na nzito kuilipia: mtu maskini anapopewa wakili kwa gharama ya serikali, apewe pia mpelelezi, na mpelelezi huyo awe mwajiriwa mwenye mshahara unaokaribiana na wa yule anayepeleleza kwa niaba ya Jamhuri. Nitaipitisha kwanza Marekani, kwa sababu huko ndiko ugomvi huu umepigwa kwa zaidi ya miaka 60, na makosa yao yamekwisha kuandikwa tukayasoma bure.

Wengi wanaojua jambo moja tu kuhusu haki ya wakili Marekani wanalijua jina la Clarence Earl Gideon. Alikuwa mtu wa kuhangaika, ameshaonja jela mara kadhaa kwa wizi. Juni 1961 alikamatwa huko Panama City, Florida, akituhumiwa kuvunja ukumbi wa pool na kuiba vinywaji na sarafu za mashine. Aliomba wakili. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida haimruhusu kumpa, isipokuwa angekuwa anakabiliwa na hukumu ya kifo. Gideon akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli ombi kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 18, 1963 mahakama hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hunyanyuka na kwenda zao. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata. Kesi ilirudishwa Panama City isikilizwe upya. Jaji alikuwa yuleyule, na shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa yuleyule, aliyesema alimwona Gideon ndani ya ukumbi alfajiri kupitia dirishani. Safari hii Gideon alikuwa na wakili wa mji huohuo, W. Fred Turner. Turner alizimaliza siku 3 za kabla ya kesi akizunguka kwa miguu, akihoji watu na kukagua eneo la tukio. Inasimuliwa kwamba alifika hadi uani kwa mama wa yule shahidi mkuu, akachuma naye mapeasi huku akimdodosa.

Matunda ya mzunguko huo yalionekana kizimbani. Dereva wa teksi alisema Gideon alimwambia asimtajie mtu kwamba amempakia asubuhi ile. Maneno hayo yanatosha kumfunga mtu. Lakini Turner alijua la kuuliza: je, amewahi kukuambia hivyo siku nyingine? Ndiyo, akajibu dereva, mara nyingi tu, maana alikuwa na ugomvi na mkewe. Turner akaenda mbele zaidi, akamgeuzia kibao shahidi mkuu, akawapa raia wa jopo linaloamua kesi sababu ya kushuku kwamba huenda yeye ndiye aliyekuwa akiwawekea wezi ulinzi. Jopo lilikaa kiasi cha saa moja, likarudi na jibu: hana hatia. Ilikuwa Agosti 5, 1963.

Kwa hiyo tunaposema wakili alimwokoa Gideon, tuseme sawasawa. Hakumwokoa kwa ufasaha wala kwa vifungu vya sheria. Alimwokoa kwa viatu. Kilichobadilika kati ya kesi ya kwanza na ya pili ni kwamba kuna mtu aliyekwenda kuuliza.

Turner alifanya kazi ya watu wawili kwa sababu alikuwa na nafasi. Wakili wa utetezi wa umma wa leo hana. Na hata angekuwa nayo, kuna kikwazo ambacho nje ya taaluma hakijulikani sana. Chukua mfano wa shahidi anayemwambia wakili Jumatatu, barazani kwake, kwamba kusema kweli sura hakuiona, alisikia sauti tu. Mwezi mmoja baadaye, akiwa kizimbani, anasema sura aliiona vizuri sana. Wakili ampinge kwa kutumia nini? Aliyeyasikia maneno ya mwanzo ni yeye peke yake, na wakili wa kesi hawezi kuvua joho akapanda kizimbani kuwa shahidi kisha akarudi kuendelea kutetea. Marekani kanuni za maadili zinakataza. Kenya nayo, kanuni za mawakili zinamzuia kuendesha shauri ambalo ana sababu ya kuamini ataitwa kuwa shahidi. Angekuwa na mpelelezi pembeni yake siku ile barazani, mpelelezi ndiye angepanda kueleza alichosikia. Hii si anasa ya ofisi kubwa. Bila mtu huyo wa pili, mazungumzo mengi ya wakili na mashahidi hayana thamani mahakamani.

Wamarekani wanalijua hili tangu zamani. Mwaka 1976 tume yao ya kitaifa kuhusu huduma za utetezi ilipendekeza angalau mpelelezi 1 kwa kila mawakili 3. Miaka 31 baadaye Wizara ya Sheria ilihesabu ofisi za watetezi wa umma nchi nzima. Sensa hiyo ya mwaka 2007 ilikuta ofisi 957, na katika ofisi zilizoendeshwa na kaunti, asilimia 40 hazikuwa na mpelelezi hata mmoja. Hata mmoja! Hiyo ni nchi tajiri kuliko zote duniani, nchi ambayo tamthilia zake za mahakamani zimetufundisha sote kusema "napinga, mheshimiwa".

Ukiwauliza wapangaji wa bajeti sababu, watakuonyesha jedwali. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti ina kiasi hiki, ya watetezi ina kiasi kile, tofauti si kubwa hivyo, mnalalamikia nini? Jedwali hilo halisemi uongo, lakini halisemi yote. Mwendesha mashtaka halipii polisi waliowahoji mashahidi, halipii maabara iliyopima risasi, halipii petroli ya gari la doria. Gharama hizo zimo kwenye mafungu mengine. Upelelezi unamfikia ukiwa tayari kwenye jalada. Mtetezi yeye, kila nauli ya kwenda kumtafuta shahidi inatoka kwenye fungu lake dogo, na mwisho wa mwaka inaonekana kama ubadhirifu. Chama cha Mawakili cha Marekani kiliandika katika kanuni zake 10 za mwaka 2002 kwamba pande hizi mbili ziwe na usawa wa rasilimali. Usawa wa mishahara ya mawakili umeanza kufikirika katika baadhi ya majimbo. Usawa wa wapelelezi bado unachukuliwa kama mzaha, kwa sababu ungelazimu kuweka idara nzima ya polisi upande mmoja wa mizani.

Na si suala la kiasi tu, ni namna ya kulipa. Hapa ndipo ningependa wasomaji walioko serikalini waongeze umakini.

Namna mbaya kuliko zote ni mkataba wa bei moja. Kaunti humpa wakili binafsi fungu la mwaka mzima: kesi zote za maskini ni zako, na gharama zako humo humo. Akimwajiri mpelelezi, pesa inatoka mfukoni mwake. Asipomwajiri, inabaki. Huhitaji kuwa na wakili mwovu ili mfumo huo uzae maovu. Wakili mwema mwenye ada za shule za watoto anatosha. Mwaka 2013 jaji wa shirikisho katika jimbo la Washington alitoa hukumu dhidi ya miji miwili midogo, Mount Vernon na Burlington, iliyokuwa imewaachia mawakili 2 wasiofanya kazi hiyo kwa muda wote kesi za makosa madogo, kila mmoja akifunga takriban 1,000 kwa mwaka. Jaji aliueleza kama mfumo wa kukutana na mteja na kukiri kosa papo hapo. Kwa idadi ile ya kesi, nani angekwenda kutafuta shahidi wa nani?

Namna ya pili ni kumwomba jaji. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 inamruhusu wakili aliyeteuliwa na mahakama kuomba pesa ya mpelelezi au mtaalamu bila upande wa mashtaka kuwapo, ili asilazimike kumwonyesha mpinzani karata zake. Ni afadhali. Ila bado wakili anasimama mbele ya mtu atakayeamua kesi zake zote zijazo, akiomba pesa, na mawakili nao ni binadamu. Wengine huomba kidogo kuliko wanavyohitaji. Wengine hawaombi kabisa.

Kesi ya Anthony Ray Hinton wa Alabama inaonyesha jambo hilo lilivyo la hatari. Alihukumiwa kifo mwaka 1986 kwa mauaji ya mameneja wawili wa migahawa. Ushahidi ulisimama juu ya risasi zilizodaiwa kutoka kwenye bastola ya nyumbani kwa mama yake. Ili kuupinga, wakili wake alihitaji mtaalamu wa silaha. Mahakama ilimpa dola 1,000 na wote wawili, jaji na wakili, wakaamini kwamba huo ndio ukomo wa sheria. Haukuwa ukomo. Sheria ilikuwa imeshabadilishwa, ikiruhusu gharama yoyote inayostahili, na jaji mwenyewe alimwambia wakili arudi akihitaji zaidi. Hakurudi. Akamchukua mtaalamu pekee aliyepatikana kwa bei ile, mhandisi mwenye jicho moja ambaye mwendesha mashtaka alimdhihaki mbele ya jopo. Februari 2014 Mahakama ya Juu ilisema kutojua kwa wakili kwamba pesa ya ziada ipo kulikuwa chini ya kiwango cha utetezi. Aprili 3, 2015 Hinton alitoka, baada ya karibu miaka 30, wataalamu wapya wakiwa wameshindwa kuzihusisha risasi zile na bastola ile. Mtaalamu wa silaha si mpelelezi, najua. Lakini wote wanalipwa kutoka kwenye mfuko huohuo wa kuombaomba.

Kuomba nako kunakula muda, na ushahidi wa mshtakiwa huoza haraka. Kamera ya duka hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Shahidi mpangaji huhama. Mwaka 2003 huko Los Angeles, Juan Catalan alishtakiwa kwa mauaji yaliyotokea usiku wa Mei 12. Alisema usiku ule alikuwa uwanjani Dodger Stadium na binti yake mdogo wakitazama besiboli, na vishina vya tiketi alikuwa navyo. Haikutosha. Wakili wake alizipekua picha za uwanja na za televisheni, hazikuwa wazi. Ndipo Catalan alipokumbuka kwamba kuna watu waliokuwa wakipiga filamu jukwaani kwao. Ilikuwa timu ya tamthilia ya vichekesho ya kituo cha televisheni cha HBO. Wakili akaenda, akaketi akatazama kanda ambazo hazikutumika, na humo akamwona mteja wake akipita kwenye ngazi za jukwaa. Kanda ile pamoja na rekodi ya simu iliyonaswa na mnara ulio karibu na uwanja zilimtoa, baada ya miezi zaidi ya 5 rumande. Watu huisimulia kama hadithi ya bahati. Mimi naisoma kama hadithi ya saa za kazi. Kila hatua pale, kutoka tiketi hadi uwanja hadi HBO hadi kampuni ya simu, ni mtu aliyekuwa na muda wa kwenda. Utafiti wa taasisi ya RAND wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kesi ya mauaji inamhitaji wakili kwa saa 248. Mgawie wakili wa umma mwenye majalada 100 mezani muda huo, uone kama atafika HBO.

Namna ya tatu, ninayoiunga mkono, ni ajira ya kudumu ndani ya ofisi ya utetezi. Mpelelezi ana mshahara, bima na gari la ofisi, na anapewa jalada siku ileile wakili anapopewa. Haombi ruhusa ya kwenda kugonga mlango.

Ofisi imwajiri nani, basi? Jibu la haraka ni polisi wastaafu, na ofisi nyingi za Marekani zinao. Wanajua kusoma jalada la polisi, wanajua mstari upi umeandikwa kwa kujaza nafasi na upi umefichwa. Shida ni kwamba mtaani shahidi akimwona mtu aliyezoea kuuliza kipolisi, hufunga mlango. Ofisi ya watetezi wa umma ya Washington, D.C., yenye sifa ya ubora nchini kwao, imejaribu njia nyingine: kwa miaka mingi imechukua wanafunzi wa vyuo, ikawafundisha, ikawatuma wawili wawili mtaani kuhoji mashahidi. Wengi wamefanya kazi nzuri na baadhi wameishia kuwa mawakili wakubwa. Lakini kazi hiyo kwa muda mrefu imefanywa bila mshahara, na kijana anayeweza kufanya kazi miezi kadhaa bure katika mji wenye kodi kubwa ya nyumba kama ule ni kijana mwenye wazazi wa kumlipia. Yule aliyekulia kwenye mitaa wanakotoka washtakiwa, anayejua nani mama wa nani, hawezi kuja. Unampoteza mtu uliyemhitaji kuliko wote.

Lugha nayo ni sifa ya kuajiriwa, si nyongeza. Mpelelezi wa Los Angeles asiyejua Kihispania ni nusu mpelelezi. Na katika miji kama Louisville na Phoenix, ambako wamehamia wakimbizi wengi kutoka Kongo, itafika siku mtu wa pekee aliyeona tukio ni bibi anayezungumza Kiswahili tu, na atakayegonga mlango wake akianza kwa shikamoo atapata mengi kuliko atakayekuja na mkalimani wa kwenye simu.

Ninawasikia wanaopinga. Mlipa kodi amlipe polisi amkamate mwizi, kisha amlipe mtu mwingine amtafutie mwizi njia ya kutoka? Jibu langu ni kwamba mpelelezi mzuri mara nyingi huleta habari mbaya. Anakwenda kumtafuta shahidi wa kumwokoa mteja, anamkuta shahidi anayemzamisha. Habari hiyo inabaki siri ya utetezi, lakini wakili akiijua anaweza kumwambia mteja ukweli mapema, na kesi ambayo ingechukua mwaka ikamalizika kwa kukiri. Wengine wanahofia wapelelezi wa utetezi watahonga mashahidi. Hofu hii ina msingi, na ndiyo sababu nataka mwajiriwa mwenye kanuni za kazi, kumbukumbu za maandishi na mkuu wa kumwajibisha. Bila yeye, wanaokwenda kwa mashahidi ni ndugu wa mshtakiwa.

Hapo tumerudi nyumbani. Tanzania na Kenya kazi hii hufanywa na familia. Mama ndiye anayekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kaka ndiye anayembembeleza bodaboda aliyeona ugomvi. Wakifanikiwa, mahakama inawatazama kama ndugu wenye masilahi. Wakikosea neno moja, wanaambiwa wanaingilia mashahidi, na dhamana ya kijana wao inakuwa mashakani. Sheria ya Tanzania ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka mshtakiwa anayedai hakuwepo eneo la tukio atoe taarifa ya utetezi huo mapema, la sivyo mahakama inaweza isiupe uzito. Ni kanuni ya haki, inawapa polisi nafasi ya kuuchunguza. Lakini upande wake, mtu aliyefungiwa katika gereza la Segerea, nani anamwendea yule mwenye nyumba ya wageni ya Morogoro kuomba nakala ya daftari la wageni kabla halijatupwa?

Kenya katiba ya 2010, ibara ya 50, inatoa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila yeye kutatokea dhuluma kubwa, na sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 ikaunda taasisi ya kuisimamia. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Tangu hapo shufaa ina maana: jaji anahitaji kujua maisha ya mtu aliyeko mbele yake. Maelezo hayo kwa kawaida huletwa na afisa wa probesheni, ambaye anaitumikia mahakama. Marekani, mwongozo wa utetezi wa kesi za kifo wa mwaka 2003 unataka timu ya mawakili wasiopungua 2, mpelelezi, na mtu wa kuchunguza historia ya mshtakiwa. Sidai tuige timu nzima kesho asubuhi.

Ningeanza na kesi za mauaji peke yake, na watu tulionao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na tayari wamo kwenye kata, wanajua migogoro ya ardhi na mirathi ya kila ukoo, na wanaaminika kuliko mgeni yeyote wa kutoka mjini. Wachaguliwe wachache katika kila kanda ya Mahakama Kuu, wafundishwe kuandika maelezo ya shahidi, kutunza picha za kamera na kukaa upande wa ukweli hata unapouma. Wapewe kitambulisho ambacho hoteli, hospitali na kampuni za simu zitakiheshimu kwa amri ya mahakama. Na walipwe mshahara kutoka fungu linalosomeka kwenye vitabu vya bajeti, lililotenganishwa na posho ya wakili anayeteuliwa, ili wakili asije akalazimika kuchagua kati ya nauli ya mpelelezi na chakula chake mwenyewe.